Mnapohesabu Chumvi, Hesabuni na Moshi

Wanangu, kaeni niseme. Nimechoka, na sitawaficha. Haya nimeyasema kwenye foleni za kliniki, nimeyasema kwenye vikao vya kina mama, nimeyasema kwenye mikeka ya misiba, na bado nikipita mitaani magharibi naona yale yale. Kazi yangu ilikuwa uuguzi, hapa hapa Dar es Salaam, na miaka mingi niliketi kwenye meza ya kupimia presha. Sasa nimestaafu. Magoti hayataki tena kusimama, lakini mdomo ungali wangu, basi nivumilieni mara nyingine.

Mtu akianguka akapooza upande mmoja, kabla hajafikishwa hospitali mtaa umekwisha kutoa hukumu. Wa kwanza atasema kachezewa. Wa pili atasema ni mawazo, mwanawe anamsumbua. Wa tatu, aliyepita shule kidogo, atasema ni presha, bibi yule alikuwa anapenda chumvi. Huyo wa tatu ndiye aliyeukaribia ukweli. Lakini hakuna wa nne wa kusema: mama huyu ameinamia moshi tangu ana miaka minane. Nimekaa kwenye matanga ya namna hiyo, uani kina mama wamezunguka mafiga wanapika wali wa waombolezaji, macho mekundu, wanajifuta kwa pembe za khanga, huku ndani tunaulizana marehemu kauawa na nani.

Mnisikie vizuri nisije nikanukuliwa vibaya. Sisemi moshi ndio mzazi wa presha zote. Chumvi inapandisha presha, unene unapandisha, pombe inapandisha, kurithi kupo, umri upo, na maisha ya kukimbizana na kodi ya nyumba nayo yana sehemu yake. Mwenye kuwaambia kwamba presha ina sababu moja anawauzia kitu. Ninachosema ni kwamba kuna jambo moja limeachwa nje ya hesabu miaka yote hii, nalo ni hewa tunayoivuta kila siku, mwaka baada ya mwaka. Madaftari niliyoyajaza kwa mkono wangu yalikuwa na nafasi ya umri, uzito, sukari, sigara na pombe. Nafasi ya kuandika mgonjwa anapikia nini, wala anapikia wapi, haikuwamo. Mama alikuwa anakaa mbele yangu mtandio unanuka mkaa hadi chumba kizima kinanuka, anaambiwa apunguze chumvi, anaitikia "sawa nesi", anarudi kwenye jiko lile lile.

Nyumba zetu za kupanga mnazijua. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kwa nyuma. Kiangazi kila mpangaji anapikia uani na moshi una pa kwenda. Masika yakianza, majiko yote yanaingia koridoni. Mkaa umelowa hauwaki upesi, basi mama anachomeka kipande cha rambo chini yake. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vipande vya kuwashia jiko havikosekani. Akikosa rambo anatafuta kipande cha ndala iliyokatika, au anamwagia mafuta ya taa kidogo, kisha anapepea kwa kipande cha boksi. Mlango wa mbele umefungwa kwa sababu mvua inapiga. Wa nyuma umerudishwa. Dari ya korido imekuwa nyeusi ti, na ukipitisha kidole ukutani kinatoka na masizi ya mafuta mafuta ambayo hayatoki kwa maji. Mtoto yuko mgongoni, pua yake iko sawa na bega la mama. Majiko sita yanawashwa kwa pamoja, kwa sababu wote wanapika saa moja ya jioni.

Ukuta ule ukiugusa, jueni kwamba kilichoganda pale ndicho kilichopita puani.

Mkaa ukishashika na kuwa mwekundu, watu hudhani shari imekwisha kwa kuwa jicho halioni tena moshi. Haijaisha. Mkaa mwekundu unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo inayowaua watu wanaoingiza jiko chumbani wakati wa baridi wakafunga madirisha na kulala. Na pamoja na hewa hiyo linatoka vumbi laini mno, chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mpana kuliko chembe hiyo kama mara 30. Vumbi la barabarani lile la kawaida unalipiga chafya, unalitema, pua inalizuia. Hili halizuiliki puani wala kooni. Linashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale ambapo hewa na damu zinapeana mkono, na zile chembe ndogo kabisa zinavuka kuingia kwenye damu yenyewe.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za vumbi hilo katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Zamani lilikuwa limeruhusu 10. Jikoni panapowashwa kuni bila bomba la kutolea moshi, kipimo hufika mamia. Mkaa una nafuu kuliko kuni kwa vumbi, hilo ni kweli na sitawanyima haki yake, ila nafuu hiyo haifikishi mtu kwenye 5.

Sasa vumbi hilo linaipandishaje presha? Hapa ndipo watu hunitazama kama naleta habari za nyota, kwa sababu moshi wanaujua kwa kifua: kikohozi, pumu, mafua ya watoto yasiyoisha. Mwili hauna ukuta kati ya kifua na moyo. Chembe zikitua ndani ya mapafu, zinawasha uvimbe mdogo mdogo usiouma, na mapafu yanatuma taarifa za hatari kwenye damu nzima. Utando laini ulioko ndani ya mishipa ya damu, ambao kazi yake ni kuiambia mishipa ilegee damu ipite, unachubuka na kusahau kazi hiyo. Halafu neva za mapafu zinaamsha ile hali ya mwili ya kujihami, ile ya mtu aliyeshtuliwa usiku: moyo unapiga kwa nguvu, mishipa inajibana. Siku moja si neno, mwili unatulia. Lakini mtu anayeshtuliwa hivyo asubuhi na jioni kwa miaka thelathini, mishipa yake inakuwa kama mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani miaka mingi: mgumu, hautanuki tena, na maji yakipita ndani yake yanapita kwa kusukuma. Kule kusukuma ndiko tunakokusoma kwenye mashine.

Nikiwaonyesha hesabu ya Shirika la Afya Duniani mtaona kwa nini nalalamika. Kwa mwaka 2020 walikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Katika kila vifo 100 vya moshi huo, 32 ni vya maradhi ya moyo na 23 ni vya kiharusi. Zaidi ya nusu! Nimonia, vifua sugu na saratani ya mapafu vimegawana kilichobaki. Sisi tumekaa tunamwogopea mtoto kikohozi, na tuna haki ya kumwogopea, huku bibi yake anayempikia uji anakwenda kimya kimya kwa njia nyingine. Hapa nchini Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka. Hao ni watu wa kujaza uwanja wa mpira, na hakuna hata mmoja ambaye cheti chake kiliandikwa "jiko".

Kuna waliokwenda kupima, si maneno ya mtaani. Kule Yunnan, kusini-magharibi mwa China, watafiti waliwavalisha wanawake wa vijijini vifaa vidogo vya kupima hewa wanayoivuta wakiwa katika shughuli zao, kisha wakawapima presha. Yule aliyevuta moshi mwingi presha yake ilikuwa juu zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa hasa kwa waliopita miaka 50. Nilipolisoma hilo nilinyamaza kwa muda, maana ndio wale wale niliokuwa nikiwaona mezani: mama akiwa na miaka 30 presha nzuri, 40 nzuri, akivuka 50 inaruka, na kila mtu anasema ni uzee.

Guatemala walifanya zaidi ya kupima. Kwenye vijiji vya milimani, akina mama waliozoea kupikia moto wa wazi ndani ya nyumba walijengewa jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Kuni zilikuwa zile zile, mapishi yale yale, kilichobadilika ni njia ya moshi tu. Namba ya juu ya presha ikawa pungufu kwa 3.7 na ya chini kwa 3.0, ukilinganisha na waliobaki na moto wa wazi. Najua mtasema hiyo ni nini, namba tatu na nusu. Kwa mtu mmoja ni ndogo, ndiyo. Lakini uchunguzi mkubwa wa dawa za presha uliokusanya majaribio mengi umeonyesha kwamba kushusha namba ya juu kwa 5 tu kunapunguza mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa kama asilimia 10. Hebu ipeleke nafuu ya namna hiyo kwa kila mwanamke anayepika katika nchi hii, uone ni mikeka mingapi ya msiba haitatandikwa.

Na kwa kuwa nawaheshimu, nitawaambia na lililokataa. Kulikuwa na jaribio kubwa la gesi katika nchi nne, Rwanda ya hapa jirani ikiwamo, pamoja na Guatemala, India na Peru. Waja wazito walipewa majiko na gesi ya bure, moshi ukapungua sana, lakini presha yao haikushuka kuliko ya wenzao waliobaki na kuni. Wapo wanaolishika hilo na kusema basi yote ni porojo. Mimi naona hivi: wale walikuwa wanawake vijana, wengi presha yao ilikuwa sawa tangu mwanzo, na mimba ni miezi michache. Hujengi kwa miaka ukategemea kubomoa kabla mtoto hajazaliwa. Gesi si kidonge, haikupi nafuu Jumatatu kwa sababu umeinunua Jumamosi. Ninayemwambia anunue leo, namwambia kwa ajili ya mishipa ya mke wake atakapokuwa na umri wangu.

Vijana wa kiume mnaonisikiliza kwa heshima huku mnaangalia simu, sehemu hii ni yenu, na nitaisema taratibu.

Katika nyumba nyingi nilizoingia kuwatembelea wagonjwa, nikifika sebuleni nakuta televisheni ya ukutani na spika za kufikia kiuno changu. Nikienda jikoni nakuta jiko la mkaa lenye mguu uliovunjika, limeegemezwa tofali. Si umaskini huo. Ni kwamba mwenye kushika fedha siye mwenye kuvuta moshi. Kifaa cha sebuleni anakifurahia yeye, jiko anasikia harufu yake tu akiletewa chakula. Nimewasikia wanaume wema kabisa, wasali, wapenda watoto wao, wakisema "mke wangu hajawahi kulalamika". Hajawahi kwa sababu mama yake alipika hivyo na bibi yake alipika hivyo, na presha haiumi. Ndiyo sifa yake mbaya kuliko zote. Wanaokadiriwa kuwa na presha duniani walio kati ya miaka 30 na 79 ni zaidi ya bilioni moja, na karibu nusu yao hawajijui. Utasubiri alalamike hadi lini?

Mtaniambia gesi ni ghali. Nakubali kwamba mtungi unadai fedha nyingi kwa mkupuo, na mkaa unakubali kununuliwa kwa kopo. Hilo ndilo linalomfunga mtu wa kipato cha siku, si uvivu wake. Lakini chukua karatasi, mwanangu, uandike kila kopo la mkaa linaloingia nyumbani kwako kwa mwezi mzima, na mafuta ya taa ya kuwashia, kisha ujumlishe mwenyewe. Usiniambie bei kabla hujajumlisha. Wengine mtakuta mkaa bado ni nafuu, hasa mlioko karibu na unakochomwa, na hao sitabishana nao. Wengi wa mjini mtashangaa. Wakala wa Nishati Vijijini wamekuwa wakipeleka mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Uliza kwa mtendaji wa kata yenu badala ya kusubiri tangazo likufuate. Vikundi vya kina mama vya kuwekeana fedha navyo viingie humu. Tunachangiana vyombo, tunachangiana sare za harusi, mzunguko mmoja ukiwa wa mitungi hakuna atakayekufa kwa kukosa sare.

Na si gesi peke yake. Kuna majiko ya umeme ya presha ambayo maharage yanaiva humo kwa chini ya uniti moja. Watu wanaogopa umeme wa kupikia kwa sababu wanakumbuka yale majiko ya zamani ya koili yaliyokuwa yanamaliza LUKU kabla ubwabwa haujaiva. Haya si yale.

Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa ziachane na kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024. Nimefurahi, na nasema bila kuficha kwamba nilikuwa nimekata tamaa ya kuyasikia maneno hayo kwenye hotuba nikiwa hai. Ila mazungumzo mengi ya mkakati huu huwa ya misitu. Misitu ni haki, nami nimeona mvua zilivyobadilika. Ningependa kwenye meza zile mtu wa presha naye akae, aseme idadi ya vitanda vya wodi ya kiharusi.

Sasa yupo mwenye mtungi tayari, amejaza, anajiona amemaliza. Nikimuuliza anapikia nini kwenye gesi, anasema chai na mayai. Maharage? Mkaa. Makande? Mkaa. Wali wa wageni? Mkaa, kwa sababu gesi haitoi ukoko mzuri. Mwanangu, moshi wa saa tatu za maharage ndio uliokuwa unakudhuru, si moshi wa dakika kumi za chai. Ukiloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria, gesi haitakwisha upesi unavyodhani. Ukoko nauelewa, nami naupenda. Uache uwe wa Idi na Krismasi.

Asiyeweza kununua chochote mwezi huu, sitamwacha hivi hivi. Jiko liwashiwe nje, liingie ndani likiwa limeshashika kabisa, na likishaingia dirisha libaki wazi. Rambo na ndala zisiguswe, tafuta vijiti vikavu au mabua. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha, mpe mtu amshike. Mwenye mimba na mzee wasiwe ndio wa kuwasha. Wapangaji wa korido moja mkae mkubaliane zamu: majiko mawili kwa wakati, si sita, na mwenye nyumba aombwe kibanda cha bati uani chenye upande mmoja wazi. Bati nne na nguzo nne tu. Nimeona nyumba ambayo wapangaji walichanga wakakijenga wenyewe kabla ya masika, na mwenye nyumba akaja kushukuru.

Kuni za vijijini zianikwe. Kuni mbichi inalia na kutoa moshi mara dufu, hilo hata bibi zetu walilijua.

Barabarani nitapita haraka, maana jua linazama. Ninyi wa bodaboda, makonda wa daladala, askari wa usalama barabarani, mama lishe wa stendi: moshi wa dizeli nao ni vumbi lile lile laini, na tafiti za mijini, Marekani na Ulaya na Asia, zimeunganisha kuuvuta kwa miaka na presha kupanda. Madaktari wa moyo wa Marekani, kupitia chama chao, walikwisha kutamka tangu 2010 kwamba vumbi hilo ni sababu ya vifo vya moyo, si jirani yake tu. Kijana atasema mimi nina nguvu, halinipati. Beijing mwaka 2008, wakati wa Olimpiki, Serikali ilifunga viwanda na kupunguza magari ili wanariadha wavute hewa. Watafiti wakawapima damu madaktari vijana wenye afya njema, kabla, wakati wa michezo, na baada yake. Hewa ilipokuwa safi, dalili za uvimbe na za kuganda kwa damu zilipungua miilini mwao. Michezo ilipokwisha na moshi kurudi, nazo zikarudi. Walikuwa vijana, na walikuwa hawaumwi chochote. Kwa hiyo mwenye bajaji akiweza kuhamia gesi asilia ahamie, na mwenye kusimama kijiweni asisimame nyuma ya bomba la basi kwa sababu tu hapo ndipo penye kivuli.

Na kuchoma taka asubuhi! Kila alfajiri watu wanafagia uwanja vizuri, wanakusanya majani na pampasi na chupa za plastiki, wanatia kiberiti, wanaingia ndani kunywa chai wakiwa wameridhika kwamba pamekuwa safi. Jirani mwenye pumu anafunga dirisha. Hili haligharimu hata senti kuliacha. Majani yafukieni kwenye shimo yaoze yawe mbolea, plastiki iende na gari la taka hata kama linachelewa.

Lililobaki ni la kupima. Kila aliyevuka miaka 30 apime presha angalau mara moja kwa mwaka, na anayepikia kuni au mkaa asisubiri akumbushwe. Mkipima nyumbani kwa mashine ya duka la dawa, kaa kitini dakika tano bila kuongea, miguu chini isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu. Pima, subiri dakika moja, pima tena. Usipime umetoka kupuliza jiko ukakimbilia ndani, utapata namba ya kukutisha bure. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti tofauti, nenda kituo cha afya. Ukifika, mwambie daktari mwenyewe unapikia nini na wapi, hata asipouliza. Mwambie: napikia mkaa ndani, tangu nimeolewa. Aandike. Na ninyi wauguzi vijana mlioshika meza nilizoziacha, andikeni hata pembeni ya ukurasa ikiwa nafasi hakuna.

Kitunguu saumu, mlonge, ndimu asubuhi: kuleni, ni chakula kizuri. Msiviweke mahali pa vidonge. Wangapi nimewaona wameacha dawa kwa sababu wanajisikia vizuri, na wanajisikia vizuri kwa sababu ya dawa, wakaletwa kwa machela.

Na wewe mwanangu uliyeniuliza juzi, kama mama yako aache vidonge kwa kuwa umemnunulia mtungi na jiko la plate mbili. Asiache. Umefanya jambo kubwa, na Mungu akuzidishie, lakini mishipa yake ina miaka hamsini ya moshi. Aendelee na dawa zake kama zilivyoandikwa, mpeleke kliniki kila tarehe yake, na kama kuna siku ya kupunguza, daktari ndiye atakayepunguza, kwa kuangalia namba. Na mtakapokwenda, mke wako naye aende mkapimwe pamoja. Mama yako siku hizi anakaa barazani, anayepika ni yeye.